Jiwe Lililokwisha Kupikwa

Zaituni, mmoja wa vijana wanaotunza samaki kituoni siku hizi, amenitumia ujumbe kwenye simu: "Shikamoo Babu Chokaa. Tangi jipya limefika, kubwa kuliko la zamani. Mawe makavu yanalowekwa siku ngapi?" Alitaka namba. Mimi nimekaa barazani kwangu hapa Bungu na daftari nililomnyang'anya mjukuu, kalamu imetafunwa mkiani, na namba siioni. Nivumilieni. Mstaafu akiulizwa njia ya kwenda sokoni huanza na siku alipojifunza kutembea.

Jina hilo la Babu Chokaa nimewasikia nyinyi vijana mkibishana juu yake. Hemedi alisema ni kwa sababu ya mvi. Hemedi, mvi zimekuja juzi, jina lina umri kukuzidi wewe. Nitalifikia.

Kwanza lishikeni hili, ambalo pale kituoni Kibiti kila mtu analijua na kulicheka: mimi si mtu wa safari. Miaka ishirini na sita nimetunza viumbe wa bahari ili watoto wa shule waje wawaone kwenye kioo, na bahari yenyewe nimeiona mara mbili. Mara ya kwanza nilipelekwa Salale kwa boti, nikatapika tangu kwenye mikoko hadi tunafika. Mara ya pili ilikuwa siku ileile, wakati wa kurudi. Ikifika alasiri mwili wangu unageuka wenyewe kuelekea nyumbani, kama kuku. Nataka mkeka wangu, sahani yangu, na mke wangu wa kumlalamikia kwamba mchuzi una chumvi kidogo. Tabia hiyo ndiyo iliyotaka kuliua tangi la kwanza kabla halijaona samaki.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Somoe wa Chumbi. Nyinyi mmemkuta jina tu. Alikuwa mdogo wa umbo, kanga moja kiunoni, na miguuni amevaa mabuti ya mpira ya stoo yaliyomzidi, kiasi kwamba akigeuka haraka yeye hugeuka, mabuti yanabaki yakitazama kule alikotoka. Aliajiriwa kufagia ukumbi. Lile tangi lilipoletwa, mtaalamu aliyekuja nalo alikaa siku mbili, akaacha karatasi za maelekezo, akaondoka. Bi Somoe akanijia nazo. "Seifu baba, wewe una kidato cha nne. Nisomee." Nikamsomea. Akasema nirudie. Nikarudia. Akasema mara ya mwisho, polepole. Baada ya hapo yeye alikuwa nazo kichwani, mimi nilikuwa nazo mfukoni, na baada ya mvua ya kwanza zangu zikalowa.

Zilisema nini? Kwamba tangi la maji ya bahari haliishi kwa maji tu, linaishi kwa mawe. Mawe yenyewe ni matumbawe ya kale, yaliyokufa zamani sana na kufukiwa ardhini, yanayochimbwa nchi kavu. Yale ya baharini, yaliyo hai, hayaguswi. Ukiyavunja unawavunjia samaki elfu nyumba ili uwajengee watano. Jiwe kavu limejaa matundu. Ndani ya matundu hayo, ukilitayarisha vizuri, watahamia vijidudu visivyoonekana kwa macho, kazi yao kula sumu inayotokana na choo cha samaki. Jiwe likiwa tupu, bila vijidudu, samaki anakufa kwa choo chake mwenyewe. Na jiwe kavu linakuja na mabaki yake: vumbi, udongo, viumbe vilivyokaukia humo. Usipoyatoa, yanaoza ndani ya tangi, na maji yanakuwa kijani kama bwawa la bata.

Sasa, sisi ni watu wa tope. Kwetu bondeni jiwe ni mgeni. Mafiga yenyewe wengine huyafanya kwa udongo wa kichuguu. Nani angetufundisha mawe? Mimi nilidhani kuosha jiwe ni kama kuosha sufuria. Nilichukua brashi ya waya, nikasugua, nikamwagia maji, nikasema tayari. Bi Somoe akalinusa. Alikuwa ananusa kila kitu, hata karatasi. Akaniuliza kama nimewahi kula ndiga.

Nyinyi mliolelewa kwa chipsi hamuijui. Ndiga ni kiazi cha porini, chakula cha miaka ya njaa, mafuriko yakibeba mpunga wote. Kina sumu. Wanawake wa Chumbi humenya, hukata vipande vyembamba, hutia kwenye tenga na kulizamisha kwenye maji yanayotembea, siku baada ya siku. Mwenye haraka hula, kisha huanza kuona nyumba mbili mahali palipo na moja, na wengine hawaamki. Bi Somoe alipokuwa msichana aliwekwa mlinzi wa tenga. Kazi yake haikuwa kuhesabu siku. Alitakiwa kushika kipande, kukisugua kwa vidole, kunusa, kutazama povu. Ndiga ya kichakani huiva siku zake, ya mtoni siku zake, na ya mwaka wa kiangazi ina ukaidi wa peke yake.

"Jiwe nalo ni ndiga," akasema. "Liloweke, ulisikilize."

Hivyo ndivyo tulivyofanya, na hivyo ndivyo mtakavyofanya. Sugueni kwanza likiwa kavu, mswaki mgumu uingie matunduni. (Mswaki wa zamani, tafadhali. Mimi nilichukua wa mke wangu kwa kudhani ni wa zamani. Haukuwa.) Kisha pipa la maji ya kawaida, mzunguko wa maji ukiwepo, pampu ndogo inatosha. Maji yamwagwe na kubadilishwa. Bi Somoe alikuwa na majina yake: maji ya kwanza ni ya uchafu, ya pili ni ya harufu, ya tatu ni ya wasiwasi. Yale ya wasiwasi yanaonekana safi, na hayo ndiyo yanayowaponza watu. Alikuwa anayaacha siku kadhaa, anachota kwenye glasi, analaza glasi juu ya kitambaa cheupe, anatazama kutoka juu. Yakiwa na kivuli cha njano, yanamwagwa tena.

Baada ya hapo ndipo maji ya bahari, pipa lifunikwe turubai pawe giza ili ukijani usiote, na pampu iendelee. Humo tulitupa kamba mmoja aliyekufa ili aoze, vijidudu vipate chakula cha kuanzia maisha. Mke wangu aliposikia kwamba kazini tunalisha mawe kamba wa Salale, wakati nyumbani tunakula mchicha, siku mbili hakukuwa na mchicha wala mboga nyingine.

Mnapima kwa vile vichupa. Matone ya dawa kwenye maji, mnatikisa, mnasubiri. Yakienda kijani, sumu ipo. Yakibaki njano ya ndimu iliyoiva, sumu hakuna. Kamba akioza kijani hupanda, kisha vijidudu vikiongezeka hushuka. Mkitia kamba mwingine na kijani kisipande tena, mawe yameiva. Msidhani Bi Somoe alikuwa mtu wa kupima kwa ulimi na kudharau vichupa. Aliviheshimu kupita mimi. Alikuwa anaviosha mara tatu, anavianika kichwa chini, na hakumruhusu mtu mwenye mafuta ya nazi mikononi kuvishika. Akaniambia laiti wangekuwa na kichupa kama hicho cha ndiga, mdogo wake angekuwepo. Alisema hivyo akiendelea kuosha.

Kupanga mawe nako nilikosea. Nilipopewa nafasi ya kwanza ya kujaribisha, nje, juu ya ubao, nilipanga kama ninavyojua: nikasimamisha mawe makubwa, na kila uwazi nikaujaza vijiwe, nikashindilia, kama tunavyokandika nyumba zetu. Nikarudi nyuma kutazama kazi yangu. Hapakupita hata upepo. Bi Somoe akazunguka ule ukuta mara moja, mabuti yakimfuata.

"Seifu baba, hii ni nyumba ya samaki au kaburi?"

Samaki anataka uchochoro, na maji yanataka kupita nyuma ya kila jiwe. Acheni nafasi ya mkono kati ya jiwe na kioo, maana mtasafisha. Na mawe yakae juu ya kioo cha chini kwanza, mchanga uje baadaye. Mkitanguliza mchanga, yupo samaki wa kuchimba atakayewaangushia mnara wote.

Haya. Jina langu.

Mkuu wa kituo wakati ule alikuwa Bwana Shomari, mtu wa suruali yenye mkunjo na asiyecheka. Alikuwa ameshatangaza siku ya wageni, shule zimealikwa, na ofisi ya juu imemwambia wazi: kama siku hiyo hakuna tangi la kueleweka, tangi litachukuliwa lipelekwe Dar es Salaam. Na mkataba wa Bi Somoe ulikuwa umebadilishwa kutoka kufagia kuwa wa tangi. Tangi likiondoka, naye anaondoka. Alikuwa mjane mwenye wajukuu watatu wa kusomesha. Hilo nililijua. Nasema nililijua ili msije mkanitetea.

Miezi ikiwa bado ipo ya kutosha, Bi Somoe akapata msiba Chumbi. Alipoondoka akaniachia kazi moja: nipande lori la mizigo hadi kwenye machimbo ya matumbawe, kaskazini kwetu, nilale huko siku mbili, nichague mawe, nije nayo, nianze kuyaloweka. Akanikumbusha namna ya kuchagua. Jiwe zuri ni jepesi kuliko linavyoonekana, maana lina matundu mengi. Nyanyua mawili, chukua linalokushangaza kwa wepesi.

Kulala siku mbili ugenini. Siku ya kwanza nikasema mvua. Siku ya pili nikasema lori lina dereva mpya. Wiki ya pili kichwa kiliniuma, na kweli kiliuma, kwa sababu ya kufikiria safari. Wiki tatu zikaisha. Kesho yake Bi Somoe anarudi, na mapipa ni makavu.

Basi nyuma ya mji wetu hapa Bungu kulikuwa na mtu anachoma chokaa. Analeta mawe ya matumbawe kwa lori, anayapanga juu ya magogo, anachoma, anauza chokaa ya kupaka nyumba. Jioni ile nilipita pale, nikaona kando ya tanuri mawe yaliyobaki pembezoni, hayakuvunjika, yana matundu, meupe kama meno ya mtoto. Nikanyanyua moja. Jepesi. Nikanyanyua jingine, jepesi zaidi. Vijana, kwa kanuni niliyofundishwa, yale yalikuwa mawe bora kuliko yote duniani. Na yalikuwa dakika kumi kutoka kwenye mkeka wangu.

Asubuhi, pale kituoni, Bi Somoe alikuta turubai limejaa mawe. Akayatazama kwa muda. Akasema machimbo ya siku hizi yana mawe safi. Nikasema ndiyo, safi sana. Mungu anisamehe, niliongeza hata habari za dereva.

Alikuwa na desturi, na desturi hii iandikeni ukutani: jiwe geni halitumbukizwi pipani na wenzake. Huwekwa peke yake kwenye beseni, hupewa maji kikombe kimoja, hutazamwa. Akaliweka moja. Akamimina. Kwanza kimya. Kisha jiwe likaanza kunong'ona, likatoa moshi kama chungu cha wali, likapasuka vipande viwili, na maji yakawa maziwa. Beseni likawa la moto. Akachovya kijiti, akasugua ncha yake kidogo kwa vidole, utelezi kama wa sabuni, akaenda kunawa. Aliporudi hakupandisha sauti.

"Hili limeshapikwa, Seifu. Umelitoa tanurini."

Wepesi wake ulikuwa wa moto, si wa matundu. Moto umelila ndani. Mngeliingiza tangini, maji yangegeuka ya kuunguza, na hakuna samaki wala kijidudu angebaki na ngozi. Nikakaa chini juu ya ndoo. Nilisubiri aniambie kuhusu wale wajukuu watatu. Hakuwataja. Akaniambia lori la machimbo huondoka saa nne, na kwamba nikila embe mbichi na chumvi sitatapika sana.

Nilikwenda. Nililala siku mbili kwenye kibanda cha wachimbaji, wanakoroma kwa zamu. Nilirudi na mawe ya kweli, ya kahawia, machafu, mazito kidogo kuliko ndoto zangu. Tukaanza: maji ya uchafu, ya harufu, ya wasiwasi. Bi Somoe hakuruka hata moja. Mimi nikawa namwomba. Nikasema Bi Somoe, haya maji ya tatu mbona ni safi, tuyaingize mawe tangini. Akanitazama kama anavyotazama tenga. Maji yakamwagwa.

Siku mbili kabla ya wageni, Bwana Shomari akaja na mvuvi wa Salale, na ndoo tatu zenye samaki aina ya kitatange, wadogo wa njano, wazuri kama shanga. Mawe yalikuwa tayari tangini, yamepangwa, yana uchochoro. Akasema tuwaingize. Bi Somoe akachukua kichupa, akatia matone, akatikisa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kijani. Akampa akishike.

"Weka wewe, Bwana Mkuu," akasema. "Kwa mkono wako."

Bwana Shomari akatazama kichupa, akatazama ndoo. Mkono hakuutoa. Akauliza, sasa kwa sauti ya ofisi, ni nani aliyechelewesha. Bi Somoe akajibu kabla sijapumua: alikuwa msibani, amechelewa yeye. Nikamwona Bwana Shomari anatoa kalamu mfukoni. Kalamu ile ilikuwa ndogo, ya buluu. Naikumbuka kuliko ninavyokumbuka sura yake.

Mimi ni mwoga, hilo limeshathibitika. Lakini mdomo ulifunguka. "Si yeye. Yeye aliniachia kazi. Mimi nilichukua mawe ya tanuri la chokaa, pale Bungu."

"Kwa nini?"

"Sikutaka kulala ugenini."

Mvuvi wa Salale akatazama mabuti ya Bi Somoe. Bwana Shomari akarudia maneno yangu, polepole, kama mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua. Kisha bega moja likatikisika. Kisha la pili. Akacheka, vijana, yule mtu wa mkunjo, akashika ukingo wa meza, machozi yakamtoka, akasema kwamba miaka yote ya utumishi ameletewa vyeti vya daktari na misiba ya mjomba mmoja aliyekufa mara nne, na hajawahi kusikia sababu ya kweli hata mara moja. Alipopangusa macho akarudi kuwa mkuu. Samaki warudishwe baharini leo hii. Wageni wataonyeshwa mawe. Ofisi ya juu ataijibu yeye. "Na wewe, Chokaa," akaninyooshea kalamu, "utalala hapa kituoni na mawe yako mpaka kichupa kiwe njano."

Nililala kituoni siku thelathini na nne. Hizo nilizihesabu.

Wageni walipokuja walikuta tangi lisilo na samaki. Bi Somoe alisimama mbele yake na tochi. Akawaonyesha watoto tundu moja, la pili, la tatu, akawaambia humo ndani watu wanahamia, hawaonekani, na bila wao hapaishi mtu. Mtoto mmoja akauliza sasa samaki wanakuja lini. Akamjibu: wakiitwa na mawe. Walikaa hapo kuliko kwenye kitu kingine chochote cha ukumbi ule. Tangi halikuondoka, na yeye hakuondoka hadi alipotaka mwenyewe. Na kichupa kilipokuwa njano, alimwita Bwana Shomari, akampa ndoo. Safari ile aliutoa mkono.

Siku hizi mna vijidudu vya chupa, vinauzwa tayari, mnamimina. Ni vitu vizuri, msidhani nawaonea wivu. Ningekuwa navyo ningelala nyumbani. Lakini chupa inaleta wapangaji, haioshi nyumba. Na simu yenu inayopima maji haitawaambia jiwe limetoka wapi. Hilo lazima mtu aliyekwenda aseme, na aseme kweli.

Kuna kitu kimebaki. Yale mawe ya tanuri Bi Somoe hakuyatupa. Alinipa jembe, nikachimba shimo nyuma ya stoo, akayazimisha kwa maji polepole, akayaacha yalale humo hadi yakawa laini kama mtindi. Kisha akanipa brashi, nikapaka ukuta wa nyuma ya tangi, mara tatu, na chumvi kidogo ili ishike. Kila mwaka kabla ya Idi alinipa brashi ileile. Miaka yote niliyotunza samaki wale, walipita mbele ya kosa langu, wakang'aa zaidi kwa sababu yake.

Jana nilimpigia simu Bi Somoe huko Chumbi, nikamwambia tangi jipya limefika. Masikio yake yamepungua, ilibidi nirudie mara tatu, polepole, kama zile karatasi. Alipoelewa hakuuliza ukubwa wa tangi. Aliuliza nani amekwenda kuchukua mawe, na kama alilala huko.

Zaituni, hilo ndilo jibu la swali lako; siku zenyewe jiwe litakuambia. Na ukuta ule msiupake rangi ya dukani. Shimo bado lina chokaa, chini ya bati, nyuma ya stoo. Nitakuja mwenyewe na brashi, asubuhi, nirudi kabla ya alasiri.